Shule ya mgodi na mshahara wa bosi: kipi kinaipa kampuni thamani?

Jina la Kabanga kila mfanyabiashara anayevuka Kobero analijua kwa sababu ya forodha, malori na foleni ya kugongewa mihuri. Miaka hii jina hilo limepata maana nyingine. Katika wilaya hiyo hiyo ya Ngara, karibu kabisa na mpaka wetu, kuna nikeli ambayo serikali ya Tanzania na wawekezaji wa nje walitia sahihi kuichimba Januari 2021. Kampuni waliyoiunda, Tembo Nickel, ni ya serikali kwa asilimia 16 na ya wawekezaji kwa asilimia 84.

Kila nikikaa na wafanyabiashara wa Muyinga mazungumzo ni yale yale. Mgodi ukifunguliwa, gunia la mchele litauzwa bei gani? Nyumba za wageni zitajengwa wapi? Kampuni itajenga shule ngapi, visima vingapi, zahanati ngapi? Hayo ni maswali ya haki. Lakini mimi naona liko swali linalotangulia, na sijasikia anayeliuliza: wakubwa wa kampuni hiyo watalipwa kwa kufanya nini?

Naliuliza kwa sababu somo lake liko kwenye njia tunayopita kila siku. Ukishaziacha Lusahunga na Nyakanazi, ukapita Runzewe, Ushirombo na Masumbwe, unaingia Kahama. Pale mjini ndipo ulipokuwa mgodi wa Buzwagi, na si mbali na hapo uko Bulyanhulu. Mbali kidogo, huko Tarime mpakani mwa Kenya, uko North Mara. Migodi hiyo mitatu ilikuwa ya kampuni moja, na kwa miaka kadhaa kampuni hiyo ilitoa fedha nyingi za misaada kwa majirani zake. Hata hivyo, mwisho wake haukumfurahisha mwanakijiji wala mwenye hisa.

Mambo matatu tusiyachanganye

Kabla ya kuendelea, tuwekane sawa kwa maneno. Wajibu wa kampuni kwa jamii ni yale yote ambayo kampuni inawatendea watu na mazingira yaliyoizunguka. Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiria shule na madawati, lakini maji machafu yanayotoka mgodini nayo yamo, fidia ya shamba imo, na risasi ya mlinzi imo.

Malipo ya wakubwa ni mshahara, bonasi, hisa na marupurupu ya wale wanaoiongoza kampuni. Mshahara ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa hutolewa kwa vipimo: umezalisha wakia ngapi za dhahabu, kwa gharama gani kila wakia, bei ya hisa imepanda kiasi gani.

Thamani ya kampuni, kwa ile iliyoko kwenye soko la hisa, ni bei ya hisa moja mara idadi ya hisa zote. Chukua mfano wa kibanda cha sokoni. Anayetaka kukinunua hahesabu mabati na mbao peke yake. Anauliza wateja wapo? Mwenye kiwanja atakubali aendelee? Majirani wana ugomvi na kibanda hiki? Kama kuna ugomvi, atapunguza bei hata kama ndani kumejaa bidhaa. Soko la hisa la London nalo linafanya hesabu hiyo hiyo.

Kampuni ya Kahama na Tarime

Itakumbukwa kwamba Barrick, kampuni kubwa ya dhahabu ya Kanada, iliingia Bulyanhulu mwaka 1999 na kuufungua mgodi huo mwaka 2001. North Mara ikaipata mwaka 2006 iliponunua kampuni nyingine iitwayo Placer Dome. Buzwagi ikaanza kuzalisha mwaka 2009. Machi 2010 Barrick ikaikusanya migodi yake ya Tanzania katika kampuni mpya, African Barrick Gold, na kuuza sehemu ya hisa London kwa pensi 575 kila moja. Zilikuwa hisa milioni 410 hivi. Piga hesabu: thamani yake ilikuwa kama pauni bilioni 2.36.

Lakini chini ya thamani hiyo palikuwa na moto. Bulyanhulu wachimbaji wadogo walikuwa wameondolewa kwenye eneo lao mwaka 1996, kabla hata ya Barrick kuingia, na kinyongo hicho hakikuwahi kuisha. North Mara vijana wa vijiji vya jirani, wanaojulikana huko kama "intruda", walikuwa wakiingia mgodini kuokota mawe yenye dhahabu, wakikutana na walinzi na polisi. Tarehe 16 Mei 2011 kundi kubwa liliingia, polisi wakafyatua risasi, na watu wasiopungua watano wakafa.

Septemba mwaka huo huo kampuni ikazindua Mfuko wa Maendeleo, wenye ahadi ya hadi dola milioni 10 kila mwaka kwa ajili ya shule, afya na maji kwenye vijiji vya jirani. Sisemi fedha hizo zilikuwa za uongo. Madarasa yalijengwa na watoto wakasoma humo. Ninachosema ni kwamba mfuko ulikuja baada ya maiti, na uliwekwa pembeni ya kazi yenyewe. Kazi ya mgodi iliendelea kama zamani, na misaada ikapewa ofisi yake.

Mwaka 2013 wanakijiji wa North Mara wakafungua kesi London kudai fidia ya waliouawa na kujeruhiwa. Kampuni ilikanusha kuhusika, na Februari 2015 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Miezi michache kabla, Novemba 2014, kampuni ilikuwa imebadili jina na kuitwa Acacia.

Bonasi ya mtu mmoja

Sasa tuangalie upande wa pili wa daftari. Mwaka 2012 Barrick, mzazi wa kampuni ile ya Tanzania, ilimwajiri John Thornton, aliyewahi kuwa kiongozi wa benki ya Goldman Sachs, awe mwenyekiti mwenza. Kwa kukubali tu kuingia, alilipwa bonasi ya dola milioni 11.9. Kwa jumla malipo yake ya mwaka huo yalifika kama dola milioni 17.

Msomaji, weka tarakimu hizo mbili pamoja. Mfuko wa vijiji vyote vya jirani na migodi ya Tanzania: hadi dola milioni 10 kwa mwaka. Bonasi ya kuingia kazini ya mtu mmoja Kanada: dola milioni 11.9.

Wenye hisa wenyewe waliona haya. Aprili 2013, kwenye mkutano mkuu wa mwaka, asilimia 85 ya kura zilikataa mpango wa malipo ya wakubwa. Kura hiyo ilikuwa ya ushauri tu, haikuilazimisha kampuni, na mwaka 2014 Thornton akalipwa dola milioni 12.9. Mwaka 2015 wenye hisa wakakataa tena, safari hii kwa robo tatu ya kura.

Kilichowakasirisha zaidi ni kwamba malipo yalikuwa yanapanda huku thamani ikishuka. Mwaka 2011 hisa ya Barrick ilikuwa imepita dola 50 huko New York, na kufikia katikati ya 2013 ilikuwa chini ya dola 20. Bei ya dhahabu ilichangia, kwani ilianguka kutoka karibu dola 1,900 kwa wakia mwaka 2011 hadi kama dola 1,200 mwaka 2013. Lakini dhahabu haikuwa sababu pekee. Mgodi wa Pascua-Lama, mpakani mwa Chile na Argentina, ulisimamishwa na mahakama ya Chile mwaka 2013 baada ya wenyeji kulalamikia maji yao, na Barrick ikafuta vitabuni zaidi ya dola bilioni 5 kwa ajili ya mradi huo mmoja. Yaani malalamiko ya maji ya wanakijiji yaliigharimu kampuni mara mia kadhaa ya bonasi ile.

Wataalamu wa uchumi walishaonya zamani juu ya uhusiano huu dhaifu. Mwaka 1990 Michael Jensen na Kevin Murphy walipochunguza kampuni za Marekani waligundua kwamba wenye hisa wakipoteza au wakipata dola 1,000, mali ya mkurugenzi mkuu hubadilika kwa kama dola 3.25 tu. Kwa lugha ya sokoni, ukimwachia mtu duka lako na hasara ya 1,000 inamgusa kwa 3, usishangae akilala mapema.

Makinikia na anguko la 2017

Machi 2017 serikali ya Rais John Magufuli ilipiga marufuku kusafirisha makinikia nje ya nchi. Makinikia ni mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha ambao Bulyanhulu na Buzwagi walikuwa wakiupeleka ng'ambo kuyeyushwa. Makontena 277 yakazuiwa bandarini. Kamati mbili za rais zikatoa ripoti Mei na Juni, zikisema nchi ilikuwa inaibiwa. Acacia ilikanusha, ikisema inapoteza zaidi ya dola milioni 1 kila siku. Julai ikaletewa madai ya kodi, riba na adhabu ya dola bilioni 190, fedha ambazo mgodi wowote duniani usingeweza kuzilipa. Kati ya Machi na Julai hisa zake zikapoteza zaidi ya nusu ya thamani.

Septemba 2017 Bulyanhulu ikapunguza shughuli, na watu wapatao 2,000, wa kampuni na wa makandarasi, wakapoteza kazi. Hapo ndipo jambo hili lilipotufikia sisi. Wafanyabiashara waliokuwa wakishusha maharage na ndizi Kahama wanakumbuka mwaka ule: wapangaji waliondoka, mama lishe walipunguza masufuria, mikopo ya dukani haikulipwa. Mgodi ukikohoa, mfuko wa muuza ndizi unapata homa.

Oktoba 2017 Barrick ilikaa mezani na serikali na kuipita menejimenti ya Acacia. Wakakubaliana juu ya hisa asilimia 16 za serikali, kugawana faida za kiuchumi nusu kwa nusu, na malipo ya dola milioni 300. Novemba mkurugenzi mkuu wa Acacia na mkuu wake wa fedha wakatangaza kujiuzulu. Mwaka 2019 Barrick ikazinunua hisa zote zilizobaki kwa bei iliyokadiriwa kuwa pensi 232 kila moja, na jina la Acacia likafutika. Kutoka pensi 575 hadi 232: thamani ya pauni bilioni 2.36 ikawa chini ya bilioni moja.

Je, ni shule zilizoshindwa?

Atatokea mtu aseme nachanganya mambo. Serikali ilikuwa inadai kodi na makinikia, haikuwa inalalamikia madawati. Bei ya dhahabu nayo ilishuka kabla ya hapo. Ni kweli, na sitaki kudai kwamba madarasa mengi zaidi yangeiokoa Acacia. Hoja yangu ni kinyume chake: madarasa hayakuwa na uwezo wa kuiokoa, kwa sababu hayakugusa ugomvi wenyewe. Ugomvi ulikuwa juu ya nani anafaidi, nani anapigwa risasi, na nani anasikilizwa. Dhoruba ilipokuja, sikusikia kijiji kilichoandamana kuitetea kampuni. Mfuko wa dola milioni 10 kwa mwaka haukununua hata rafiki mmoja wa siku ya shida.

Kuna utafiti mmoja unaofaa kuwekwa hapa, kwani ulihusu migodi ya dhahabu. Witold Henisz na wenzake walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa migodi 26 ya kampuni 19 zilizokuwa kwenye masoko ya hisa, kuanzia mwaka 1993 hadi 2008. Walisoma habari za matukio zaidi ya 50,000 ya ugomvi na ushirikiano kati ya migodi hiyo na wadau wake: serikali, vijiji, makanisa, vyama vya wafanyakazi. Waligundua kwamba soko lilikuwa linaithamini dhahabu iliyoko ardhini kwa punguzo la asilimia 72 ya thamani yake ya hesabu. Walipoingiza kipimo cha ujirani kwenye hesabu hiyo, pengo likapungua hadi kati ya asilimia 37 na 13. Maana yake, sehemu kubwa ya kile ambacho mnunuzi wa hisa anakiogopa iko juu ya ardhi, kwa watu.

Tazama vizuri walichopima. Hawakuhesabu fedha za misaada, walihesabu ugomvi na maelewano. Kampuni inaweza kujenga shule 20 ikabaki na ugomvi, na nyingine ikalipa fidia kwa wakati, ikaajiri wenyeji, ikatunza maji, isijenge hata moja, na ikalala usingizi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo na zawadi.

Na hapa ndipo malipo ya wakubwa yanapoingia. Mkurugenzi anayepewa bonasi kwa wakia za mwaka huu ana kila sababu ya kuutazama ugomvi wa kijiji kama kelele. Ukilipuka miaka mitano baadaye, yeye atakuwa ameshahamia kampuni nyingine na bonasi yake mfukoni. Anayebaki na hasara ni mwenye hisa, mwanakijiji na muuza ndizi.

Yaliyobadilika, na ambayo bado

Barrick yenyewe ilijifunza kitu. Kuanzia mwaka 2014 ilianzisha utaratibu wa kuwalipa wakubwa wake sehemu kubwa kwa hisa ambazo hawaruhusiwi kuziuza hadi waondoke au wastaafu, na sifa ya kampuni kwa jamii ikaingizwa kwenye vipimo vyao. Malipo ya Thornton yakashushwa sana, na mwaka 2016 wenye hisa wakaupitisha mpango walioukataa miaka ya nyuma.

Tanzania nayo ilibadili sheria mwaka 2017. Mwenye leseni ya kuchimba anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya eneo lake. Barrick na serikali wakaunda kampuni ya Twiga, dola milioni 100 za kwanza zikalipwa mwaka 2020, Bulyanhulu ikaanza tena kuchimba mwaka huo, na baadaye ikaahidiwa dola 6 kwa jamii kwa kila wakia inayouzwa. Utaratibu huo una faida moja kubwa: mwanakijiji anaweza kuuhesabu. Akijua wakia, anajua haki yake.

Lakini tusishangilie mapema. Mwaka 2022 wakazi wa Kikuria wa jirani na North Mara walifungua kesi nyingine, safari hii Kanada, wakidai mauaji na mateso ya polisi wanaolinda mgodi. Kampuni ilikanusha, na mwaka 2024 mahakama ya Ontario ikaikataa kesi kwa kusema si mahali pake pa kusikilizwa. Jeraha la 2011 halikufungwa na dola 6.

Tunalolitaka sisi

Wala tusidhani haya ni ya jirani peke yake. Kwetu Burundi, madini adimu ya Gakara yalikuwa mikononi mwa kampuni iliyoingia soko la London mwaka 2017. Mwaka 2021 serikali yetu ikasimamisha usafirishaji na kisha uchimbaji, ikisema nchi haipati sehemu yake ya haki. Hisa za serikali zilikuwa asilimia 10. Ni wimbo ule ule wa Kahama, ngoma ndogo zaidi.

Sasa turudi Ngara. Leseni ya nikeli ya Kabanga ilikuwa zamani ya Barrick na Glencore, ikafutwa mwaka 2018, ndipo wakaja hawa wapya. Kampuni mama, Lifezone Metals, iko soko la hisa la New York tangu Julai 2023, na kiwanda cha kusafishia nikeli kilipangwa kujengwa Kahama, palepale Buzwagi palipofungwa mgodi mwaka 2021. Kampuni iliyoko New York inalazimika kuchapisha malipo ya wakubwa wake, angalau kwa jumla. Si siri tena. Mwandishi wa habari, diwani wa Ngara, hata chama cha wafanyabiashara wa Muyinga, anaweza kuyasoma.

Mimi nashauri tuyasome kwa maswali matatu. La kwanza: katika bonasi ya mkurugenzi mkuu, fidia ya wanaohamishwa na usalama wa majirani vina uzito gani ukilinganisha na tani za nikeli? La pili: hisa anazopewa anaweza kuziuza lini, mwaka huu au akishaondoka? La tatu: mtu akifa kwa mkono wa ulinzi wa mgodi, au mto ukichafuka, nani anakatwa malipo, na kiasi gani?

Wengi wetu tuliorudi kutoka kambi za Ngara na Kigoma tunajua misaada ni nini. Tumekunywa maji ya bomba la msaada na kusomesha watoto chini ya hema la msaada, tukashukuru. Tunajua pia kwamba anayekupa msaada anaweza kuusimamisha asubuhi moja bila kukuuliza. Haki haisimamishwi hivyo. Shule ya mgodi tuipokee, watoto wasome. Lakini kama bosi aliyeijenga halipwi senti moja pungufu siku kijiji kinapoumia, tujue kwamba ile shule ni rangi ya ukutani, na mvua ya kwanza itaiosha.